Shemasi aliyempenda padre: barua kutoka Unguja, na jibu langu

*"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni shemasi, nina miaka 30, nafanya utume Unguja. Miezi minne ijayo natakiwa kupadrishwa. Nimempenda mwanamume, naye ni padre. Alikuwa mmoja wa walezi wangu seminarini huko bara. Sasa ana cheo kikubwa jimboni kwake, na maaskofu wanamsikiliza. Yalianza nikiwa mwaka wa mwisho wa teolojia. Tulivuka mpaka mara tatu. Kila mara, asubuhi yake, yeye mwenyewe aliniungamisha, akanipa maondoleo ya dhambi na kuniambia yamekwisha. Anasema tukishakuwa mapadre wote wawili mambo yatakuwa rahisi, na nisimwambie mtu. Nampenda, sitaki aumie. Ila silali. Mama ameshaagiza vitenge vyenye picha yangu, jumuiya inachangisha. Shangazi yangu wa Pemba akijua atasema ni jini mahaba. Je, mimi ni hanithi? Nimelaaniwa? Upadre utanitoa katika hali hii, au nitaunajisi? Nikiungama kwa padre mwingine, askofu hatajua? Kuna usiku nakaa ukutani Forodhani, natazama maji, naona ingekuwa afadhali nisingekuwepo."*

Milele Amina, mwanangu.

Nimebadilisha mambo kadhaa katika barua yako ili asitokee mtu wa kuitambua, na naanzia mstari wako wa mwisho kwa sababu ndio ulionitisha. Ukijikuta tena pale ukutani na wazo lile, usibaki peke yako. Inuka, sogea penye watu, mpigie mtu mmoja unayemwamini, na kama wazo halikuachi nenda Hospitali ya Mnazi Mmoja usiku huohuo. Daktari huna haja ya kumsimulia habari za padre wala za seminari. Mwambie tu, "Nafikiria kujiua, sijalala siku nyingi." Hayo yanamtosha kuanza kukusaidia. Mengine yote ninayoandika hapa chini yanaweza kusubiri wiki, hata mwezi.

Sasa tuongee. Umeuliza maswali mengi, lakini nikiisoma barua yako mara ya pili na ya tatu naona yamefungwa kwenye fundo moja. Kila unapotaka kulitazama jambo ulilofanyiwa, mapenzi yako yanalifunika. Ukitaka kuyatazama mapenzi yenyewe, woga wa laana unakupofusha. Nitajaribu kulifungua pole pole.

Neno ulilojiita kwanza. Hanithi, kwa maana mojawapo katika kamusi zetu, ni mwanamume asiye na nguvu za kiume. Hilo silo ulilonieleza. Nawe unaishi mahali ambapo akina mama huitana "shoga yangu" barazani kwa mapenzi matupu, kisha neno hilohilo likielekezwa kwa kijana wa kiume linageuka jiwe. Usijipige mawe ya maneno. Wewe ni mwanamume ambaye moyo wake umemwelekea mwanamume. Shirika la Afya Duniani liliuondoa mwelekeo huu katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1990, kwa hiyo hakuna dawa unayotafutiwa. Jini mahaba pia hayumo. Usikubali kupelekwa kwa mganga kufukizwa, wala kwenye maombezi ya kukemewa pepo hadharani. Nimewapokea vijana waliotoka huko wakiwa na aibu mara mbili ya ile waliyoingia nayo, na mioyo yao iko palepale.

Umelaaniwa? Hapa nitalisema fundisho la Kanisa kama lilivyo, bila kulipaka asali. Katekisimu, namba 2357 hadi 2359, inafundisha kwamba matendo ya ndoa kati ya watu wa jinsia moja ni kinyume cha maadili, na inawaita watu wenye mwelekeo huo kuishi usafi wa moyo. Namba 2358 inaagiza watu hao wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Na barua ya Roma ya mwaka 1986 kwa maaskofu, ambayo ni kali, inakubali waziwazi kwamba mwelekeo wenyewe si dhambi. Kwa hiyo ulipoamka siku moja ukagundua unampenda mtu huyu, hukutenda dhambi. Ulichoahidi siku ya ushemasi ni jambo jingine, nitalifikia.

Kwanza nikueleze kwa nini, kwa maoni yangu, ilikuwa yeye na ilikuwa wakati ule. Wengi wenu mliingia seminari ndogo mkiwa watoto wa sekondari. Katika malezi ya zamani kulikuwa na kanuni iliyorithishwa: wasikae wawili, wakae watatu. Walezi waliogopa kile walichokiita urafiki wa pekee. Nia yao labda ilikuwa njema, lakini niliyoyaona mimi katika miaka ya kusikiliza wakleri (mashemasi, mapadre na maaskofu) ni kwamba vijana walijifunza kuuogopa ukaribu kabla hawajajifunza kuutaja. Mtu anafika miaka 27 hajawahi kumwambia binadamu mwenzake, "Mimi moyoni niko hivi." Kisha anatokea mlezi mwenye akili, mpole, anamwita chumbani kwake kwa maongezi ya kiroho, anamsikiliza saa nzima. Ni mara ya kwanza maishani kuonwa. Ungeshangaa moyo usingefurika. Na siri nayo ina kazi yake: kitu kinachofichwa hukua gizani kikaonekana kikubwa kuliko kilivyo, kwa sababu hakuna mtu wa tatu wa kukuuliza swali la kawaida.

Sitaki uone aibu kwa kumpenda mtu wa Mungu. Upendo mzito kati ya wakleri si kitu kigeni katika Kanisa hili. Kardinali John Henry Newman, Mwingereza aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2019, aliagiza azikwe kaburi moja na rafiki yake, Padre Ambrose St. John, na alipofariki mwaka 1890 ndivyo ilivyofanyika. Simweki kwenye fungu lenu. Nani ajuaye yaliyokuwa kati yao na Mungu wao? Nakupa habari hiyo ili usiamini kwamba Kanisa linajua aina moja tu ya moyo.

Sasa nifike pale panaponiuma. Mapenzi yako ni ya kweli, na mamlaka yake juu yako yalikuwa ya kweli vilevile. Wakati yanaanza, mtu huyu alikuwa mmoja wa wale wanaokaa kila mwaka kuamua nani apande na nani arudi nyumbani. Jiulize kwa utulivu, bila kunijibu mimi: ungeweza kumkatalia usiku ule, na ripoti yako ya malezi ikabaki kama ilivyo? Kama jibu ni ndiyo, vizuri. Kama jibu ni "sijui", basi hukuwa huru kama alivyokuwa yeye, hata kama ulitaka. Mtu anaweza kutaka na bado akawa ametumiwa. Mambo hayo mawili hukaa chumba kimoja, na ndiyo maana huwachanganya watu wazima wenye akili timamu. Tangu tarehe 8 Desemba 2021, Kanuni ya 1395 ya sheria za Kanisa inamwadhibu waziwazi mkleri anayevunja amri ya sita (usizini) kwa nguvu, kwa vitisho au kwa kutumia vibaya mamlaka yake, hata aliyetendewa akiwa mtu mzima. Adhabu inaweza kufika hadi kuondolewa katika ukleri.

Simjui padre huyu. Huenda naye anakupenda kweli, anaogopa kama wewe, na hana mtu wa kumwambia. Lakini angalia ushauri anaokupa: usiseme kwa mtu, pokea daraja ya upadre, tutakuwa sawa. Kila kimoja katika hivyo kinamlinda yeye kwanza.

Na sasa jambo la maungamo. Huenda hakukueleza, na kwa cheo chake alipaswa kujua. Kanuni ya 977 inasema padre hawezi kumpa maondoleo mshirika wake mwenyewe katika dhambi dhidi ya amri ya sita. Maondoleo hayo ni batili, isipokuwa mtu yuko katika hatari ya kufa. Batili maana yake hayakufanyika. Kanuni ya 1384 inaongeza kwamba padre anayethubutu kufanya hivyo anajitenga na Kanisa papo hapo, na kuondolewa adhabu hiyo kumewekwa mikononi mwa Roma. Adhabu hiyo ni yake. Wewe haikuhusu, hukutengwa, na kama uliamini kwa moyo mweupe kwamba umeondolewa dhambi, Mungu anaujua moyo huo. Ila kaungame tena, kwa padre mwingine kabisa. Kanisa liliweka kanuni hii kwa kujua udhaifu wa binadamu: mtu asifanye kosa na wewe usiku, asubuhi akawa hakimu wako, tena wa pekee. Ndiyo sababu huwezi kulala. Kila mara ulipotaka kutoka, mlango ulikuwa ni yeye.

Unauliza kama askofu atajua. Kwa njia ya kitubio, hapana. Kanuni ya 983 inaharamisha kabisa muungamishi kumsaliti mwenye kutubu, kwa neno, kwa ishara au kwa namna nyingine yoyote, na akikiuka moja kwa moja naye anajitenga na Kanisa. Kanuni ya 984 inakataza hata kuyatumia aliyoyasikia katika uongozi. Na Kanuni ya 240 inasema wazi kwamba katika kuamua nani apewe daraja au nani aondolewe seminarini, maoni ya baba wa kiroho na ya waungamishi hayawezi kuombwa kamwe. Gambera, yaani mkuu wa seminari, hawezi kuyaomba, askofu hawezi. Hata yeye rafiki yako akitaka kurekebisha hali yake, muungamishi wake anaweza kuiandikia Idara ya Toba ya Kitume kule Roma bila kutaja jina la mtu. Njia ya kutokea ipo kwa nyote wawili, kila mmoja kwa mlango wake.

Ila kuwa na busara. Wakatoliki wa visiwani ni wachache, mapadre wanajuana hata kwa kikohozi. Ukiona aibu kuungama kwenye kanisa kuu la Minara Miwili, panda boti ya asubuhi uende Dar es Salaam kwa padre wa shirika la kitawa asiyekujua. Usimchague mtu wa jimbo la rafiki yako, wala mwanafunzi wake wa zamani. Na usiungame kwenye simu. Ujumbe wa simu hauna muhuri wa kitubio.

Je, upadre utakutoa katika hali hii? Hapana, mwanangu. Krisma, mafuta matakatifu ya upadrisho, hupakwa viganjani. Haibadilishi mtu anayempenda nani. Nimewafahamu mapadre waliotumaini hivyo. Miaka kumi baadaye walikuwa na moyo uleule, parokia mbili za kuendesha, na upweke zaidi, kwa sababu sasa watu walikuwa wanawaita Baba. Na lile la "tukiwa mapadre wote wawili itakuwa rahisi" ni kinyume cha ninavyoyajua maisha ya ukleri.

Kunajisi? Utakatifu wa sakramenti hautegemei usafi wa mhudumu. Kanisa lilishalimaliza swali hilo tangu enzi za Mtakatifu Augustino na Wadonati wa Afrika ya Kaskazini, waliodai sakramenti za mhudumu mkosefu ni batili. Swali lako la kweli ni kama una uhuru wa kuipokea daraja. Tayari uliahidi useja ulipopewa ushemasi. Kanisa la Kilatini linaushika useja kwa sheria nzito tangu zamani, na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa pili wa Laterano mwaka 1139 ulizitangaza batili ndoa za mapadre wake. Useja huo haumuulizi mtu anampenda mwanamke au mwanamume; unamdai kila mmoja kitu kilekile.

Kuna waraka lazima nikutajie, maana mwingine atakutajia kwa ukali. Mwaka 2005 Roma ilielekeza kwamba wasipokelewe seminari wala daraja wale wanaotenda matendo hayo au wenye mwelekeo wa kina wa aina hiyo, na ikasema ni udanganyifu mkubwa kwa mwombaji kuuficha mwelekeo wake ili apadrishwe. Waraka wa malezi wa mwaka 2016 ukarudia hivyo. Maneno "mwelekeo wa kina" yamejadiliwa sana. Wapo maaskofu wanaoyasoma kama mwelekeo tu, wapo wanaouliza zaidi kama mtu anaweza kuishi useja kwa amani. Mwaka 2025 miongozo ya seminari za Italia, iliyothibitishwa na Roma kwa majaribio ya miaka mitatu, ilisema mang'amuzi ya wito yasifungwe kwenye jambo hilo pekee bali yautazame utu mzima wa mhusika, huku ikiinukuu kanuni ya zamani. Hapa kwetu mlango ni mwembamba zaidi, nisikudanganye. Muungamishi wako naye, kwa waraka ule wa 2005, ana wajibu wa kukushauri usiendelee. Msikilize, hata kama utalia.

Ungeniuliza mimi, ningekwambia uombe kuahirisha. Kabla ya kupadrishwa, Kanuni ya 1036 inakutaka uandike tamko kwa mkono wako mwenyewe kwamba unapokea daraja kwa hiari na uhuru wako, na Kanuni ya 1026 inakataza kabisa mtu kulazimishwa. Kaa na karatasi nyeupe jioni moja, ujaribu kuliandika. Kama mkono unagoma, umepata jibu la miezi hii minne. Kuahirisha si kutoka. Shemasi anayekataa kupanda haondolewi utumishi wake kwa sababu hiyo tu, bila kizuizi cha kisheria au sababu nyingine nzito. Na ikifika siku ukaona njia yako ni kutoka, jua kwamba kufunguliwa useja hutolewa na Baba Mtakatifu peke yake, lakini Kanuni ya 290 inamdai shemasi "sababu nzito" na padre "sababu nzito mno". Hatua ya miezi minne hii ina uzito mkubwa kisheria kuliko inavyoonekana kwa watu wanaokata keki.

Askofu huna wajibu wa kumfungulia yote siku ya kwanza. Kanuni ya 220 inalinda heshima na faragha ya kila muumini. Unaweza kumwambia hivi: "Baba Askofu, sina uhuru wa ndani wa kuandika tamko lile. Naomba muda, na naomba baba wa kiroho nje ya jimbo." Askofu mwenye hekima ataelewa zaidi ya ulichosema na hatakubana. Siku ukiwa tayari, na ukiwa na mtu wa kusimama nawe, unaweza kumwambia zaidi.

Kuhusu kumshtaki padre yule, sitakusukuma. Tangu mwaka 2019 Papa Fransisko aliyataka majimbo yote yawe na njia ya kupokea taarifa za unyanyasaji, na mwaka 2023 alilikazia agizo hilo. Hiyo ni haki yako. Lakini unaishi mahali ambapo sheria za nchi pia zinakuhusu: vitendo vya aina hii ni kosa la jinai Zanzibar, na bara kifungo chake hakipungui miaka 30. Papa alisema Januari 2023 kwamba kuwa na mwelekeo huo si uhalifu, na sheria zetu hazijasogea. Kwa hiyo kabla hujaandika taarifa yoyote kwa mkono wako, kaa ana kwa ana na mwanasheria wa Kanisa, na wa serikali pia, uwe upande wa mtu mwenye kulalamika na usijikute umejishtaki. Kwa sababu hiyohiyo usiweke picha wala maneno ya mapenzi kwenye simu yako. Ila kama zipo jumbe ambamo alikubana, alikutisha au alikuahidi cheo, usizifute kabla ya kumwona mwanasheria.

Mama. Najua vitenge vinakutesa kuliko kanuni zote nilizozitaja. Mwambie upadrisho umeahirishwa kwa sababu umeomba muda zaidi wa sala na malezi. Ni kweli tupu. Kamati itanung'unika, jumuiya itauliza wiki mbili tatu, kisha utakuja ubatizo wa mtoto wa fulani na maneno yatahamia huko. Mama aliyekubeba kwenye mvua ya masika kwenda misa ya kwanza anaweza kubeba kitenge kabatini mwaka mmoja.

Kuna msaada ambao maandishi hayawezi kukupa, na huo uutafute ukiwa umekaa mbele ya mtu: mshauri nasaha au mwanasaikolojia kwa ajili ya usingizi na lile wazo la Forodhani, na baba wa kiroho wa kukusindikiza walau miezi sita. Ukimpata mtaalamu anayeanza kwa kuahidi kukubadilisha moyo, ondoka, tafuta mwingine.

Na yeye? Hutaki aumie, nami nakuheshimu kwa hilo. Huwezi kumtunza na kujiokoa kwa wakati mmoja ukiwa na simu yake kila usiku. Mwandikie mara moja tu, maneno machache ambayo yakisomwa na mtu yeyote hayatawadhuru: "Baba, nimeomba muda wa kimya kwa ajili ya malezi yangu. Naomba usinitafute kwa sasa. Nami nakuombea upate muungamishi mwema." Kisha usijibu tena. Usiku wa kwanza baada ya kutuma utakuwa mrefu, kwa hiyo usilale peke yako nyumbani. Mwombe mwenzako wa utume mle chakula cha jioni pamoja, mkae mpaka adhana ya alfajiri ikibidi. Na ukishavuka Dar kuungama, niandikie. Hata mstari mmoja.